MAONI YA KATIBU WA TAWI: TUZIBE BARIDI YA WAZEE WETU KABLA YA JUNI



Naandika kama Katibu wa Tawi, lakini niseme mapema kwamba haya ni maoni yangu, si azimio. Azimio litatoka kwenye mkutano wetu wa wanachama wote, na hoja hii imo kwenye ajenda. Mabalozi, naomba muwasomee wanachama wasio na simu za kupokea ujumbe huu, hasa wazee, maana ni wao tunaowazungumzia.

Hoja yangu ni fupi. Fedha tulizochanga kwa ajili ya kupiga lipu na kupaka rangi ofisi ya tawi, tuzitumie kwanza kuziba baridi kwenye nyumba za wale wasioweza kuziba wenyewe: wazee wanaoishi peke yao, watu wenye ulemavu, wagonjwa wa muda mrefu, na kaya za kipato duni zenye watoto wadogo. Wasilipe chochote. Kazi tuifanye sisi kwa mikono yetu, kabla Juni haijaingia. Ofisi itasubiri. Ofisi haiugui kichomi.

Najua wapo watakaosema Katibu ameanza mambo mapya. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

*1. Baridi inaingilia wapi*

Wilaya yetu ya Ludewa ina hali ya hewa mbili. Wenzetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kule Manda na Lupingu, wao wanasumbuliwa na joto. Sisi wa huku juu, kuanzia Mlangali, Milo, Lugarawa na kata jirani, tunajua Juni, Julai na Agosti maana yake nini. Ukungu unashuka asubuhi, manyunyu hayakatiki, na usiku upepo unatafuta kila tundu.

Wazazi wetu walijenga nyumba za nyasi. Zilikuwa na shida zake: moto, panya, kuvuja zikichakaa. Lakini nyasi nene zilitunza joto. Kisha tukaja na bati, na bati ni maendeleo, hakuna anayetaka kurudi nyuma. Tatizo ni kwamba wengi tuliishia kwenye bati, dari hatukuweka. Bati tupu halizuii baridi hata kidogo. Joto la chumba linapanda juu, linakutana na bati, linatoka nje. Alfajiri mvuke wa pumzi unageuka matone na kudondokea matandiko. Mtu anaamka amelowa ndani ya nyumba isiyovuja.

Ongeza na mengine tunayoyaona kila siku. Tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo bila lipu, zina nyufa unazoweza kupitisha kidole. Kati ya ukuta na bati pako wazi nyumba nzima. Dirisha halina shata, limezibwa kwa sandarusi. Mlango umepinda, chini pana nafasi ya kupita paka. Sakafu ni udongo wenye unyevu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2018 kuhusu makazi na afya, likasema nyumba za watu katika nchi zenye misimu ya baridi zisishuke chini ya nyuzi joto 18 ndani, na kwa wazee, watoto na wagonjwa huenda ikahitajika zaidi ya hapo. Mtu anayelala chini ya bati tupu mwezi Julai huku kwetu hahitaji kipimajoto kujua yuko upande gani.

*2. Mkaa uliokwisha kuiva ndio unaoua*

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na hii ndiyo sababu nasema jambo hili si la kusubiri.

Mtu mwenye baridi hutafuta moto. Wazee wengi huhamia kulala kwenye jiko la nje kwa sababu ndiko kwenye joto, na wanavuta moshi wa kuni usiku kucha. Wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango, wanalala. Kila msimu wa baridi katika mikoa yetu ya nyanda za juu tunasikia habari za familia iliyokutwa imekufa, jiko likiwa katikati ya chumba. Wapo watakaokwenda kutafuta mchawi. Hakuna mchawi pale.

Mkaa unaowaka penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye mapafu hujishika na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi ya oksijeni. Damu inazunguka lakini haibebi uhai. Mtu anaumwa kichwa kidogo, analegea, anapata usingizi mzito, basi.

Na hapa kuna imani moja ya kuondoa kabisa. Watu husema, "Mkaa wenye moshi ndio mbaya, ukishaiva ukawa mwekundu hauna shida." Si kweli. Mkaa mwekundu usiotoa moshi ndio unaotoa gesi hiyo bila kukupa dalili yoyote. Moshi walau unakukohoza ukatoka nje.

Kwa hiyo mabalozi, hata kama mkutano utaikataa hoja yangu yote, hili moja lifikisheni kila nyumba: *jiko la mkaa halilali chumbani.*

*3. Mtungi wa gesi haupashi chumba joto*

Tarehe 8 Mei 2024 Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi kupikia ifikapo 2034. Serikali kupitia REA imekuwa ikisambaza mitungi ya gesi kwa bei ya ruzuku. Tunaunga mkono, na tumesimama majukwaani kuusemea.

Lakini kazi ya tawi si kushangilia tu. Ni kueleza huko juu mambo yalivyo huku chini. Mpango ule ni wa *kupikia*. Huko Pwani na Dar es Salaam, ukimpa mama mtungi umemaliza kazi ya mkaa. Huku kwetu jiko lina kazi mbili: linapika na linapasha nyumba joto. Mtungi utapika ugali na mboga kwa nusu saa, mama atazima ili gesi isiishe, kisha saa mbili usiku atakoka mkaa kwa sababu watoto wanatetemeka. Mtungi unabaki pembeni kama pambo.

Kama nyumba ingekuwa na dari na kuta zisizopitisha upepo, joto la miili ya watu na blanketi mbili vingesaidia sana, na mkaa wa usiku ungepungua. Maana yake ni kwamba kuziba nyumba ni sehemu ya nishati safi katika wilaya za baridi. Hili tulipeleke Kata, Kata ipeleke Wilaya, ili wanaopanga wajue kuwa Ludewa si Temeke.

*4. Hesabu ya mkaa*

Mimi ni mtu wa hesabu, mnivumilie kidogo. Juni ina siku 30, Julai 31, Agosti 31. Jumla siku 92. Kwa kila Sh 1,000 ambayo kaya inatumia kwa siku kununua mkaa wa kuota, msimu mmoja unakula Sh 92,000. Miaka mitano ni Sh 460,000. Fedha hiyo imekwenda hewani kupitia kwenye bati.

Sasa angalia upande wa pili. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina dari ya futi za mraba 100. Ubao wa inchi 8 wenye urefu wa futi 12 unafunika futi za mraba 8. Kwa hiyo mbao 13 zinatosha chumba kimoja, pamoja na papi za kushikilia na misumari. Kila mmoja achukue bei ya mbao anayoijua hapa kwetu, apige mwenyewe. Na hiyo ni mbao nzima. Kwenye mashine za dingdong kuna mabanzi yanayouzwa kwa bei ya kuni, na mengine huchomwa tu kupunguza uchafu. Mkoa wetu wa Njombe unalisha nchi mbao, halafu bibi yetu analala chini ya bati tupu. Hilo halikubaliki hata kidogo.

Penye uhaba wa mabanzi kuna mianzi, hii hii inayotupa ulanzi. Dari ya mianzi iliyokandikwa udongo wazee wetu waliijua zamani, na juu yake walihifadhi mahindi. Nyufa za ukuta zinazibwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Vitu vingi vya kazi hii havihitaji duka. Vinahitaji watu.

*5. Wenzetu waliwahi kufanya, na sisi tuliwahi*

Nchi ya Marekani ina mpango wa serikali wa kuziba baridi kwenye nyumba za watu wa kipato cha chini bila malipo. Ulianza mwaka 1976, baada ya bei ya mafuta kupanda sana, na hadi leo umefikia zaidi ya nyumba milioni 7. Fundi anakwenda kwanza kukagua: hewa inatoka wapi, jiko la kupasha joto liko salama, paa likoje. Kisha wanaziba, wanaweka vitu vya kutunza joto darini, wanatengeneza milango. Wazee, walemavu na familia zenye watoto hutangulizwa.

Nchi tajiri kuliko zote iliona kwamba kumlipia maskini gharama ya kuni na mafuta kila mwaka bila kugusa nyumba yake ni sawa na kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Lakini mpango ule una kasoro moja ya kutufundisha. Nyumba ambayo paa lake limeoza au kuta zimelowa huahirishwa mpaka itengenezwe kwanza, kwa sababu ukiziba juu ya uozo umeharibu kazi. Matokeo yake wale wenye nyumba mbovu zaidi, ambao ndio maskini zaidi, wanaachwa nyuma. Sisi tusifanye hivyo. Kama bati limetoboka, tuanze na bati.

Na wala tusidhani haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya *Mtu ni Afya*. Watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kusafisha mazingira ya nyumba. Karibu watu milioni 2 walishiriki. Mfumo wa nyumba kumi kumi ulikuwepo, na mfumo huo bado tunao. Swali ni kama tunautumia kwa kazi au tunausubirisha mpaka uchaguzi.

*6. Majibu kwa hoja ninazozisikia*

*"TASAF ipo."* Ndiyo, ipo tangu mwaka 2000, na mpango wa kunusuru kaya maskini umesaidia watu wengi tunaowafahamu. Lakini ile ruzuku inaingia kwenye chakula, sare za shule na mahitaji ya kila siku. Ajira za muda zinajenga barabara, vyanzo vya maji na kupanda miti, yaani miradi ya jamii. Dari ya bibi mmoja haimo. Pengo hilo ni dogo kwa Serikali, ni kubwa kwa bibi, na lina ukubwa unaolingana na uwezo wa tawi.

*"Kila mtu ajenge nyumba yake."* Mwenye nguvu ajenge, sawa. Lakini mzee wa miaka 80 aliyejenga nyumba yake akiwa kijana, akasomesha, akazika watoto wake na sasa analea wajukuu, huyo amekwisha kujenga. Zamu yake imekwisha. Sasa ni zamu yetu.

*"Chama si shirika la misaada."* Kweli. Lakini ahadi tunazoapa tukipokea kadi zinazungumzia kupambana na umaskini, ujinga, magonjwa na dhuluma. Sikumbuki mahali ziliposema kupambana na rangi ya ofisi.

*"Tutasaidia hata wasio wanachama?"* Ndiyo. Moshi hauulizi kadi. Siku tukianza kuchagua nyumba kwa kadi, kazi itageuka rushwa, na sitaweka saini yangu hapo. Asiye mwanachama atakayelala pakavu atajua nani alimpandia bati. Inatosha.

*"Fedha zitaliwa."* Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na majibu yake yako hapo chini.

*7. Ninachopendekeza*

*Uchaguzi wa nyumba.* Mabalozi wapendekeze majina, kisha orodha isomwe hadharani kwenye mkutano wa kitongoji, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Asiyekubaliana aseme pale pale. Kiongozi yeyote wa tawi, mimi nikiwemo, ndugu zetu wa karibu wasiingie kwenye orodha ya kwanza.

*Mpangilio wa kazi.* Huu usivunjwe, kwa sababu ukikosewa unaua:
a) Kwanza jiko litoke chumbani. Tujenge jiko banifu la tofali lenye bomba la moshi kwenye jiko la nje, au tukarabati lililopo.
b) Pili paa. Bati lililotoboka lizibwe au libadilishwe.
c) Tatu dari.
d) Mwisho nyufa, milango na madirisha. Lakini kila chumba kibakiwe na tundu la hewa juu. Ukiziba nyumba kabisa halafu mtu akaingiza mkaa, umemjengea kaburi.
Maranda yasiwekwe darini palipo na nyaya za umeme au karibu na bomba la moshi.

*Nguvu kazi.* Msaragambo kila Jumamosi asubuhi kuanzia wiki ya kwanza baada ya mkutano. Vijana wa UVCCM wabebe mabanzi, maji na udongo. Akina mama wa UWT wasimamie majiko, maana wao ndio wanaojua jiko likae wapi. Mafundi wetu wa useremala tuwaombe siku moja moja. Wasioweza kazi nzito walete chakula.

*Fedha.* Kitabu kimoja, stakabadhi kwa kila manunuzi, saini mbili kwa kila shilingi inayotoka. Kila mwisho wa mwezi mapato na matumizi yabandikwe mlangoni mwa ofisi na yatumwe humu. Anayechangia bati, misumari au mbao naye aandikwe kwa kiasi na tarehe, kama fedha. Kamati ya ukaguzi iwe na mtu mmoja asiye kiongozi.

*Tunachodai Serikalini.* Tawi likishaonyesha nyumba chache za mfano, tuombe mambo mawili. La kwanza, ukarabati wa nyumba za kaya zisizojiweza uingie kwenye mpango wa maendeleo wa kijiji, upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. La pili, ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambayo ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024, vijana wetu waunde kikundi cha useremala cha kutengeneza dari na shata, waombe fungu la vijana la asilimia 4. Watapata soko hapa na hata Makambako. Kazi ya kujitolea ikizaa ajira, itadumu.

*8. Kuhusu ofisi*

Ndugu zangu, najua ofisi yetu haivutii. Wageni wakija kutoka Wilayani tunaona aibu kidogo. Lakini mgeni akikuta ofisi isiyo na lipu na akaonyeshwa nyumba kumi za wazee zenye dari, tutakuwa na cha kumweleza. Akikuta ofisi inang'aa na hatua chache pembeni kuna mzee anayekohoa ndani ya moshi, rangi ile itatusuta.

Hatuwezi kuzifikia nyumba zote mwaka huu. Tuanze na zile ambazo tukichelewa tutakwenda kuzika. Kila balozi anazijua kwenye shina lake, hahitaji takwimu kutoka kwa mtu.

Mkutano utaamua. Nitakayeshindwa kwa kura nikiwa mimi, nitapaka rangi ofisi pamoja nanyi bila kinyongo. Lakini naomba kila mmoja, kabla ya kunyoosha mkono, apite jioni kwa mzee aliye jirani naye, aingie ndani, atazame juu.

*Mambo ya kufanya kabla ya mkutano:*
✅ Mabalozi: jina la nyumba moja au mbili kwa kila shina, kwa maandishi.
✅ Mafundi: nani yuko tayari kutoa Jumamosi ngapi.
✅ Wenye mashine za mbao au wanaowafahamu wamiliki: ulizeni mabanzi.
✅ Wote: wafikishieni majirani onyo la mkaa chumbani leo leo.

Maoni na maswali yaletwe kwangu au kwa Mwenyekiti. Anayepinga naye aandike, hoja yake itasomwa mkutanoni kama ilivyo.

*Kidumu Chama Cha Mapinduzi!*

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*
Ludewa, Njombe